ALIYEKUJA MWISHO NDIYE MWENYE KAULI

Ndugu msomaji, nyumba ambamo ndugu wawili hawasemezani haina raha hata kama ndani mna kila kitu. Mwaka jana nyumba yangu ilikaa siku tisa katika hali hiyo. Chakula kililiwa kimya kimya, salamu zilitolewa kwa wazazi peke yao, na mdogo alipotaka chumvi alimwomba mama yake, ilhali chumvi ilikuwa mbele ya kaka yake. Chanzo cha yote hayo hakikuwa fedha wala shamba la urithi. Kilikuwa mchezo wa kompyuta. Na kwa usahihi zaidi, zilikuwa nyongeza arubaini ambazo mdogo alizipachika katika mchezo huo kwa usiku mmoja.

Tafadhali usikunje uso ukafungua ukurasa mwingine. Nami nilikunja uso hapo mwanzo, nikasema haya ni mambo ya watoto. Lakini hao ninaowaita watoto, mmoja ana miaka 24 na amekwisha kuajiriwa. Mwingine ana miaka 19 na yumo chuoni. Kaka alikuwa amepangiwa kituo cha kazi katika mkoa wa mbali, akabakiwa na wiki tatu tu za kukaa nyumbani. Kwa muda wa miezi mitano walikuwa wakifanya safari moja ndani ya mchezo huo, jioni baada ya jioni, mmoja akishika pedi na mwingine akishauri, na walikuwa wameahidiana kuimaliza kabla kaka hajaondoka. Safari hiyo ndiyo iliyopotea.

Basi niliketi nao, nikauliza, nikaonyeshwa, nikajifunza. Haya niliyojifunza nakuandikia wewe mzazi ambaye hujui kijana wako anahangaika na nini usiku kucha mbele ya kioo, na wewe kijana ambaye kesho utataka kufanya kama alivyofanya mwanangu.

Mchezo na nyongeza zake

Mchezo wenyewe unaitwa The Elder Scrolls V: Skyrim. Ulitengenezwa na Bethesda Game Studios ya Marekani, ukatolewa tarehe 11 Novemba 2011. Ni mchezo wa kuvaa uhusika: mchezaji hujichagulia sura, kabila na ujuzi, kisha huingia katika nchi ya milima na theluji, akatembea atakako, akapokea kazi kwa watu anaokutana nao, akapigana na majoka yarukayo angani. Mzazi ajue pia kwamba Ulaya mchezo huu umepewa alama ya miaka 18, na Marekani miaka 17, kwa sababu ya damu na mapigano yaliyomo. Si mchezo wa kumwachia mtoto wa darasa la tatu.

Nyongeza hizo wachezaji huziita modi. Modi ni faili, au fungu la mafaili, lililotengenezwa na mchezaji wa kawaida kwa ajili ya kuubadili au kuuongezea mchezo jambo fulani. Mila hii si ngeni. Mwaka 2002 Bethesda ilipotoa mchezo wake wa Morrowind kwa kompyuta, iliwapa wanunuzi na chombo cha kuujengea mchezo huo. Na Februari 2012 ilifanya vivyo hivyo kwa Skyrim. Tangu hapo watu wa kila taifa wamejenga. Nexus Mods, ghala mashuhuri la kazi hizo katika intaneti, lina asili yake katika mwaka 2001, miongoni mwa wapenzi wa hiyo hiyo Morrowind.

Modi nyingine hubadili rangi ya maji na mawe. Nyingine huleta panga na ngao mpya. Nyingine husahihisha makosa ambayo kampuni yenyewe iliyaacha. Ziko pia zilizo hadithi kamili. Mwaka 2015 mwanasheria mmoja wa Australia, Nick Pearce, alitoa modi iitwayo The Forgotten City. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya chama cha waandishi wa michezo na filamu cha nchi yake, na mwaka 2021 ikatoka ikiwa mchezo unaojitegemea. Kwa hiyo tusiwadharau wanaofanya kazi hizi. Wengi wao ni mafundi hasa.

Usiku wa nyongeza arubaini

Yaliyotokea nyumbani kwangu ni haya. Mdogo alisubiri usiku wa manane, wakati bando la intaneti ni la bei nafuu, akapakua modi arubaini. Kila modi huja ikiwa imebanwa katika faili moja, kama shehena iliyofungwa kwenye gunia. Yeye aliyafungua magunia yote, akayamwaga moja kwa moja katika folda iitwayo Data, ambayo ndiyo ghala la mchezo. Kila mara kompyuta ilipomwuliza kama aweke faili jipya badala ya lile lililokuwamo lenye jina lile lile, alijibu ndiyo. Alijibu ndiyo mara nyingi hata asikumbuke idadi yake.

Kulipokucha mchezo haukufunguka. Kioo kiliwaka, kikawa cheusi, kisha mchezo ukafa. Kwa hofu akaanza kufuta mafaili kwa kukisia. Alasiri mchezo ukafunguka, naye akashusha pumzi. Akaifungua ile safari ya miezi mitano, akatembea hatua chache, akaihifadhi upya juu ya ile ya zamani. Hapo ndipo alipotambua kwamba watu wa mjini wamesimama kama sanamu, hawajibu wanaposemeshwa, na kazi waliyokuwa wamefikia haiendi mbele wala hairudi nyuma.

Jioni kaka alirudi kazini. Aliketi, akatazama, akainuka, akaenda kulala bila kusema neno.

Ukuta mmoja, mafundi watatu

Kosa la kwanza la mwanangu lilikuwa kutojua kanuni moja ambayo ndiyo mzizi wa mambo yote haya: aliyekuja mwisho ndiye mwenye kauli.

Fikiri, ndugu msomaji, kwamba umewaita mafundi watatu wapake rangi ukuta mmoja. Wa kwanza akapaka kijani, wa pili manjano, wa tatu nyeupe. Utaona rangi gani? Utaona nyeupe. Ndivyo ilivyo kwa modi mbili zenye picha ya jiwe lile lile au ngozi ile ile: itakayoonekana ni ile iliyowekwa baadaye, na hapana mwenye kuumia.

Lakini ziko modi ambazo hazileti picha tu. Zinaleta amri na maelezo: nani anaishi wapi, duka linauza nini, mlango unafunguka kwa ufunguo gani. Maelezo hayo hukaa katika mafaili ya pekee, na mchezo unapoanza huyasoma kwa mpangilio, moja baada ya jingine. Hapa hatari ni kubwa zaidi. Ikiwa mafaili mawili yanaeleza chumba kile kile, moja likibadili mwanga wake na jingine hali nyingine ya chumba hicho, mchezo hauchukui kipande huku na kipande kule. Huchukua maelezo yote ya chumba kutoka kwa faili la mwisho, na mwanga uliowekwa na lile la kwanza hutoweka. Ni kama fundi wa tatu ambaye, katika kupaka chokaa, amengʼoa na saa uliyokwisha kuitundika ukutani.

Dawa ya mgongano huo huitwa kiraka, na jina hili limeiva. Kiraka ni faili dogo linalowekwa mwisho, lenye kubeba mwanga wa modi ya kwanza pamoja na mabadiliko ya modi ya pili, ili visitupane. Watengenezaji wengi hutoa viraka vya modi zao. Kwa orodha za bidhaa na silaha, ambazo modi nyingi huzigombania, iko programu ya Wrye Bash yenye kuziunganisha orodha hizo ziwe moja. Na anayetaka kuona kwa macho yake ni modi ipi inayoifunika nyingine hutumia xEdit, programu inayoziweka modi bega kwa bega na kuonyesha migongano kwa rangi.

Vyumba vina idadi

Kosa la pili lilikuwa kutosoma. Kila modi ya maana huwa na maelezo ya mtengenezaji: inahitaji nini, haipatani na nini, iwekwe wapi. Mwanangu aliyaruka maelezo yote arubaini. Kumbe modi moja ilikuwa tegemezi. Ilitaka faili la modi nyingine ambayo yeye hakuwa nayo. Modi ya namna hiyo ni kama ghorofa ya pili iliyojengwa pasipo ya kwanza, na ndiyo iliyouangusha mchezo hata kabla haujafunguka.

Maelezo hayo humwambia mtu pia modi ni ya toleo gani. Skyrim ya mwaka 2011 na ile iitwayo Special Edition, iliyotoka tarehe 28 Oktoba 2016, zimejengwa kwa misingi tofauti, na modi nyingi za moja haziifai nyingine mpaka zigeuzwe. Isitoshe, modi nyingi hutegemea programu ya SKSE, ambayo huuongezea mchezo uwezo usiokuwa nao. SKSE lazima ilingane na namba ya toleo la mchezo. Novemba 2021 Bethesda ilipotoa sasisho kubwa la kuadhimisha miaka 10 ya Skyrim, wachezaji wengi waliamka wakakuta modi zilizotegemea SKSE hazifanyi kazi, kwa kuwa mchezo ulijisasisha wenyewe. Mwenye kupenda usalama huuzuia mchezo usijisasishe hovyo.

Halafu kuna suala la idadi. Kila kitu katika mchezo, awe mtu, kisu au mlango, kina namba yake ya alama nane, na alama mbili za mwanzo zinaonyesha kimetoka katika faili gani. Kwa hesabu inayotumiwa na kompyuta, alama mbili hutoa nafasi 256. Moja imetengwa kwa vitu vinavyozaliwa wakati wa kucheza, zikabaki 255, na mafaili ya mchezo wenyewe huhesabiwa humo humo. Mwaka 2017 toleo la Special Edition lilipata mafaili mepesi, ambayo yote hukaa katika chumba kimoja na yanaweza kufika 4,096, huku yale mazito yakibaki 254. Hiyo ni nafasi kubwa. Hata hivyo ukubwa wa nyumba si hoja ya kumkaribisha kila mpita njia.

Mguu mmoja kwanza

Kosa la tatu lilikuwa kuziweka modi zote kwa pamoja. Modi moja ikiharibu mchezo, mwenye makosa anajulikana. Modi arubaini zikiingia kwa pamoja, utamshika nani? Wajuzi huweka moja, au chache zinazohusiana, kisha hufungua mchezo, hutembea, huingia katika nyumba na kutoka, ndipo huweka nyingine. Ni kazi ya kuchosha, lakini haraka haraka haina baraka.

Kosa la nne ndilo lililoua safari: aliondoa modi katikati ya safari. Hapa nilimwuliza kijana, "Lakini si ulizifuta? Mbona madhara yalibaki?" Akanieleza kwa sauti ndogo kwamba modi yenye amri huandika habari zake ndani ya safari iliyohifadhiwa. Ukiliondoa faili, zile habari hubaki humo zikimwita mtu asiyekuwapo. Kwa hiyo kanuni ya wajuzi ni hii: modi za picha unaweza kuzibadili wakati wowote, lakini modi yenye amri, ukianza nayo safari, maliza nayo. Ukitaka kuiondoa, anza safari mpya, au rudi kwenye hifadhi ya kabla hujaiweka. Na hifadhi ya kabla ilikuwa imekwisha kuandikwa juu.

Utaratibu unaofaa

Siku ya kumi niliwaita wote wawili mezani. Sikuhukumu. Nilisema, "Nionyesheni jinsi ambavyo ingalifaa kufanywa." Mdogo alianza, "Shikamoo kaka." Kaka akakaa kimya kitambo, kisha akaitikia marahaba, akavuta kiti. Wakaanza upya, nami nikaandika utaratibu wao, ambao nauweka hapa kwa faida yako.

Waliufuta mchezo wote, wakausakinisha upya nje ya folda ambayo Windows huilinda kwa programu zake, kwa kuwa ulinzi huo huzizuia modi na vyombo vyake. Wakaufungua mara moja bila modi yoyote, ili uandike mafaili yake ya mipangilio na ili wajue kwamba wenyewe ni mzima.

Kisha walichagua programu ya kusimamia modi, ambayo ndiyo mwanangu aliikosa usiku ule. Zinazotumika sana ni mbili. Vortex, ya Nexus Mods, huziweka modi mahali pake na kuziunganisha na ghala la mchezo kwa viungo vinavyoweza kukatwa. Mod Organizer 2 huiweka kila modi katika folda yake na kuliacha ghala bila kuguswa; mchezo unapofunguliwa huonyeshwa modi kana kwamba zimo ghalani. Katika zote mbili, kuifunga modi ni kubonyeza alama moja, na hapana kitu cha asili kinachofutwa.

Wakachagua hii ya pili, kwa sababu moja iliyonigusa. Mod Organizer huruhusu kila mtumiaji awe na orodha yake ya modi na hifadhi zake za safari, katika mchezo ule ule na kompyuta ile ile. Kaka ana zake, mdogo ana zake. Lau wangalilijua jambo hilo moja mapema, mdogo angalichezea arubaini zake hadi asubuhi, na safari ya kaka yake isingaliguswa.

Baada ya hapo waliweka SKSE ya namba inayolingana na mchezo, kisha kile kiraka kisicho rasmi, kinachosahihisha makosa mengi ya kampuni, nacho hukaa juu kabisa katika orodha, mara baada ya mafaili ya mchezo wenyewe. Zikafuata modi kubwa zinazobadili mambo mengi, kisha ndogo, na mwisho viraka. Wakatumia programu ya LOOT kuipanga orodha. LOOT hupanga kwa kufuata ujuzi uliokusanywa na wachezaji wengi na huonya ikiwa kuna tegemezi lililokosekana. Lakini kaka alimwambia mdogo wake neno ambalo nimelihifadhi: "LOOT inajua mafaili, haijui unachotaka kukiona. Hicho lazima ukijue mwenyewe."

Ziko pia orodha zilizokwisha kupangwa na wengine, zenye mamia ya modi, ambazo hupakuliwa zikiwa tayari. Zinafaa kwa mwenye intaneti ya nguvu na nafasi kubwa ya diski. Walakini ukiongeza modi yako moja juu ya orodha ya mtu, mzigo wa kuipatanisha ni wako.

Jasho la wengine

Kabla sijamaliza, nina neno kwa vijana. Modi nyingi hutolewa bure, na cha bure huelekea kudharauliwa. Tarehe 23 Aprili 2015 kampuni ya Valve, yenye duka la Steam, ikishirikiana na Bethesda, iliruhusu modi za Skyrim ziuzwe, mtengenezaji akipata asilimia 25 ya bei. Kelele za wachezaji zilikuwa kubwa mno hata mpango ukavunjwa tarehe 27 mwezi ule ule na walionunua wakarudishiwa fedha zao. Baadaye Bethesda ilifungua njia nyingine ya kuuza baadhi ya kazi hizo. Mtu anaweza kubishana kuhusu fedha; lakini hapana anayeweza kukana kwamba nyuma ya kila modi kuna mtu aliyekesha. Kuyasoma maelezo yake kabla ya kumlaumu ni adabu, na kutoipakia upya kazi yake pasipo idhini ni uaminifu.

Nawe mzazi, uliza. Ziko modi zenye mambo ya watu wazima kuliko mchezo wenyewe. Huwezi kumwongoza mtoto katika nchi ambayo wewe hujawahi kuiuliza hata jina.

Orodha ya modi kumi na tatu

Ningependa kukuambia kwamba safari ile ya miezi mitano ilipatikana. Haikupatikana. Siku kumi na mbili zilizobaki walizitumia kuanza nyingine, kwa modi kumi na tatu tu, kila moja ikijulikana kwa jina, kwa kazi yake na kwa mahali pake. Hawakuimaliza. Kaka alipanda basi alfajiri ya Jumatatu, na kompyuta ikabaki kwa mdogo.

Sasa kila Jumapili simu hulia, na baada ya kutusalimu sisi wazazi, kaka huuliza orodha imefika wapi. Mdogo naye amejipa kazi. Skyrim haikutolewa kwa Kiswahili. Lakini iko programu ya xTranslator, ambayo huyatoa maneno yaliyomo katika mafaili ya mchezo ili mtu ayatafsiri, na kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa herufi zile zile za Kirumi, herufi hazina shida. Ameanza na vitabu vifupi ambavyo msafiri huviokota njiani. Amefika cha sita. Akimaliza, atavifunga katika faili dogo na kumpelekea kaka yake, aliweke mwisho kabisa wa orodha, chini ya mafaili yote, maana aliyekuja mwisho ndiye mwenye kauli.